Gari Moja, Hataza Tatu

“Hivi jirani, hawa fukusi wako wamesoma mpaka darasa la ngapi?”

Redio aliuliza swali hilo Jumanne moja asubuhi, amesimama mlangoni mwa ghala, mikono kiunoni. Ndani, Mama Ghala alikuwa amepiga magoti, anapepeta mahindi ya mbegu, na mbele yake fukusi walikuwa wanatoka kwenye gunia la tatu, mmoja mmoja. Walifika kwenye mstari wa dawa ya kijivu alioumwaga kuzunguka magunia. Miaka yote fukusi akigusa mstari ule hugeuka chali, hupiga miguu mara mbili tatu, basi. Safari hii wa kwanza alisimama, akaipapasa dawa kwa ile pua yake ndefu kama mtu anayesoma tangazo ukutani, halafu akavuka. Wenzake wakamfuata. Wa mwisho alipofika ng’ambo alijipangusa miguu.

“Sijui,” Mama Ghala alijibu. “Sijawahi kuwauliza.”

“Basi waulize. Hao wameambiwa kitu.”

Mama Ghala alikuwa mjane wa mchimba visima. Nyumba kumi na mbili za mtaa ule ziliweka mbegu zao kwake, kila nyumba gunia moja, toka mavuno mpaka mvua za kupandia. Hawakumchagua kwa uzuri wa sura. Walimchagua kwa sababu ya dawa, ambayo aliachiwa na marehemu mama mkwe wake: maua makavu ya kichaka fulani, majivu, na kitu cha tatu ambacho mama mkwe alimnong’oneza akiwa kwenye kitanda cha mauti. Punje ya ghala lile haikuwahi kutobolewa. Watu walisema ukimpa yule mama mbegu ni kama umempa Mungu akushikie, tofauti ni kwamba yeye anarudisha msimu huohuo.

Chanzo cha mambo yote kilikuwa gari jeupe.

Lilikuja mwaka mmoja kabla, na ndani yake walikuwemo wataalamu watatu wa Kampuni. Mmoja alikuwa wa vifaa vya kuchimbia, mmoja wa mitandao ya kompyuta, na wa tatu, binti mpole mwenye daftari, wa dawa za wadudu. Kampuni ilikuwa na magari mengi, lakini siku hiyo walikuwa wanabana mafuta, wakapanda moja. Ndiyo sababu mtaa mmoja uligunduliwa mara tatu kwa siku moja.

Mtaalamu wa vifaa alionyeshwa kekee ya marehemu mchimba visima, chuma cha kutobolea mwamba. Kekee hiyo ilikuwa na meno matatu, na marehemu aliichonga mwenyewe baada ya msimu mzima wa kulala kifudifudi na miwani ya mkewe, akiwatazama fukusi wanavyotoboa punje. Watu walimcheka sana. Aliona kwamba fukusi hazungushi pua moja kwa moja kama binadamu mwenye haraka. Huzungusha nusu kulia, kisha hurudi robo kushoto, na vumbi hutoka lenyewe. Akatengeneza chuma kinachofanya hivyo. Mwamba uliowashinda wengine wiki mbili, yeye aliutoboa kwa siku mbili. Baadaye vumbi la mwamba nalo likamtoboa mapafu. Mtaalamu aliomba kuichukua kekee akaipige picha. Bado alikuwa anaipiga picha.

Mtaalamu wa mitandao alikaa na Redio. Redio aliitwa hivyo kwa kazi yake. Habari ikizaliwa nyumba ya kwanza, yeye aliipeleka ya pili, ya pili ikaipeleka ya tatu; wakikuta mlango umefungwa wanazungukia nyumba ya nyuma; na kila aliyepokea alirudisha neno kwamba amepata, asiporudisha, habari inatumwa tena. Ugomvi wa chumbani ulimaliza nyumba kumi na mbili kabla mume hajavaa viatu. Mtaalamu aliandika kurasa kumi na nne.

Binti mpole alikunywa chai vikombe vitatu na kuuliza habari za maua. Mama Ghala alimwambia. Kitu cha tatu hakukitaja, lakini binti aliomba kijiko kimoja tu cha dawa akakumbuke harufu.

Walipokuwa wanaondoka walitoa kitabu cha wageni na kumwomba mwenye nyumba asaini. Kosa lenyewe ndilo hilo. Mtu mwingine angeuliza kwa nini kitabu cha wageni kisainiwe na mwenyeji, lakini Mama Ghala alikuwa na mwandiko mzuri wa shule ya msingi, na ni nadra mtu kupata mahali pa kuuonyesha. Akaandika jina lake kwa herufi za kulala. Kwenye “madhumuni ya ziara” aliandika “Kuishi.” Penye “muda wa kutoka” alipaacha wazi. Wakampa kofia na kalenda ya mwaka uliokwisha.

Mwaka mmoja baadaye hataza tatu za Kampuni zilitoka siku moja, Jumatatu. Hataza ni cheti cha serikali kinachosema kwamba kitu fulani kimebuniwa na fulani na wengine wasikiguse. Jumatatu hiyohiyo shemeji yake Mama Ghala, mdogo wa marehemu, aliyekuwa akiendelea na kazi ya visima kwa kekee ya kuigiza, aliizungusha kwenye ardhi laini ya bustani mpaka ikapata moto. Haikuingia ardhini hata kwa urefu wa ukucha. Shemeji aliipangusa kekee, akaenda kutafuta kazi ya kubeba mizigo. Redio naye alifika nyumba ya pili na habari ya mtu kufukuzwa kazi, akafungua mdomo, ikatoka sauti ya msichana aliyesoma: “Samahani, ujumbe wako umezuiwa.” Hakushtuka. Alichukia tu kwamba sauti ilikuwa ya mtu mdogo kuliko yeye. Kusema na mtu uso kwa uso, mambo yake na ya huyo mtu, aliweza vizuri. Kupeleka ya mwingine mbele ndiko kulikokataa. Mtaa ukawa kimya kama ukurasa usioandikwa.

Na Jumanne, kama ilivyosemwa, fukusi walivuka mstari.

“Mimi gunia langu nalichukua,” Redio alisema siku ya tatu. “Binamu yangu anazo mbegu za ziada, tutabadilishana haya mahindi yangali mazima. Mvua bado wiki tano.”

“Usichukue.”

“Jirani, wanakula! Sikiliza.” Wote wawili walisikiliza. Ghala lilikuwa linatoa mlio mdogo, kama watu wengi wanaotafuna kwa adabu.

“Nitakwenda ofisi ya hataza,” Mama Ghala alisema. “Haki ya mtu haipotei. Niachie mpaka nikirudi. Ukitoa lako leo, kesho kumi na moja wote watakuja, na hiyo ni kusema mimi ni mwizi.”

Redio alilipapasa gunia lake. “Una hakika?”

“Nina hakika.”

Redio aliliacha gunia. Nyumba nyingine kumi na moja zilipoona la Redio limebaki, nazo zikayaacha yao.

Ofisi ya hataza ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo lenye lifti ya mapambo. Kaunta namba nne alikaa karani mwenye shati lililopigwa pasi mikononi tu. Muhuri wake ulifungwa kamba mguuni mwa meza, usije ukaibwa na mwenye haja.

“Shikamoo, mama. Tatizo?”

“Marahaba. Fukusi wangu hawafi.”

“Tangu lini?”

“Jumanne.”

Karani alifunua kitabu. “Ni sawa. Jumatatu tulipiga muhuri. Dawa ile sasa ni mali ya Kampuni, na ya kwako, ingawa inafanana, haina ruhusa ya kuua.”

“Lakini fukusi wamejuaje?”

Alinyoosha kalamu kuelekea kwenye sanduku jeusi ukutani lenye taa za kijani zilizokuwa zinakonyeza. “Taarifa hutumwa kwa wahusika wote papo hapo. Ni mtandao mpya, nyumba hadi nyumba. Ukikuta mlango umefungwa, unazunguka nyuma.”

“Huo naujua. Na mimi mbona sikupata taarifa?”

Karani alipitia orodha kwa kidole, kwa uangalifu, maana alikuwa mtu wa haki. “Haumo kwenye wahusika, mama. Fukusi wamo.”

“Fukusi wanatii cheti?”

“Wadudu hawana shida hata kidogo,” alisema kwa upole. “Tabu tunaipata kwa watu.”

Akamweleza kwamba pia alikwisha kukubali, na kumwonyesha nakala ya ukurasa wa kitabu cha wageni. Alisifu mwandiko. Ilionekana mwaka jana mama huyu alitembelea nyumba moja mtaani kwao, akakuta wataalamu wanafanya ubunifu, na hakutoa pingamizi lolote. “Tena muda wa kutoka hukujaza,” aliongeza. “Ingefaa utoke, kumbukumbu zikae sawa.”

Kulikuwa na dawa ya Kampuni, kwenye makopo yenye picha ya bibi anayetabasamu, ambaye marehemu mama mkwe alifanana naye sana isipokuwa kutabasamu. Lakini anayetunza mbegu za watu wengine alihitaji kibali kwanza, na kibali kilichukua miezi tisa. Mvua hazikuhitaji kibali.

Mama Ghala alirudi nyumbani akasali. Hakumwomba Mungu awaue fukusi, maana aliona si vizuri kumwingiza kwenye kesi. Aliomba macho ya kuona. Kisha alichukua miwani yake, akalala kifudifudi sakafuni kama marehemu alivyokuwa akilala, akatazama fukusi mmoja akitoboa punje. Nusu kulia, robo kushoto. Meno matatu. Vumbi likatoka lenyewe.

Alikaa kitako. “Ala,” alisema.

Asubuhi alikuwa kaunta namba nne na chupa ya kioo yenye punje ishirini na fukusi wasiohesabika.

“Nimekuja kushitaki,” alisema. “Hawa wanatumia kekee ya Kampuni bila ruhusa.”

Karani aliinamia chupa, akatazama, akavuta fomu. Jina la mlalamikiwa: Fukusi. Kazi: Kutoboa. Anwani: aliuliza, akaambiwa ndani ya mahindi, akaandika. Tatizo likawa moja tu, kwamba aliyeibiwa ni Kampuni, kwa hiyo Kampuni ndiyo iitwe. Kikao kikapangwa baada ya siku kumi na mbili, kwa dharura.

Siku hizo kumi na mbili Mama Ghala na shemeji yake walitoa fukusi kwa mikono. Kutoa kwa mikono kulikuwa hakujachukuliwa hataza. Karani alisema bado. Walijaza makopo, wakamwaga kwenye moto, na kila walipotoa mmoja kumi walianguliwa.

“Shemeji,” alisema yule mwanaume siku ya tano, macho mekundu, “kaka alikuwa anawatazama hawa akicheka. Mimi nikiwatazama nalia. Tofauti iko wapi?”

“Kaka yako hakuwa na gunia la mtu,” Mama Ghala alimjibu. “Chambua.”

Kwenye kikao alikaa msajili mwenyewe, mzee mwenye miwani mbili, moja puani na moja kichwani. Kampuni ilimleta wakili wake na yule binti mpole wa wadudu. Wakili alikuwa amebeba kekee ya marehemu ndani ya kisanduku chenye kitambaa cha bluu. Ilikuwa imesuguliwa ikang’aa, lakini mpini ulikuwa bado na kishimo kilichochimbwa na kidole gumba cha marehemu kwa miaka kumi na tisa. Kwenye cheti kishimo hicho kiliitwa “mshiko wa kisasa.” Mama Ghala aliweka kidole chake karibu na hapo, hakugusa, kwa sababu hakuwa na ruhusa.

Punje ikawekwa mezani na kioo cha kukuzia juu yake. Fukusi mmoja aliombwa aendelee na kazi, akaendelea. Nusu kulia, robo kushoto.

“Ni yenyewe,” msajili alisema. “Nani alianza, fukusi au Kampuni?”

“Kampuni,” wakili alijibu. “Fukusi hawajawahi kuwasilisha maombi.”

Ni kweli. Fukusi aliumbwa kabla ya mtu, pua yake ikiwa kamili, na Aliyemuumba aliona kuwa ni vyema wala hakujaza fomu. Kumbukumbu za ofisi hazikuwa na kitu chochote cha tarehe hiyo.

Msajili akatamka kwamba fukusi wamevunja sheria na waache mara moja. Karani akapiga muhuri. Sanduku jeusi likakonyeza taa zake. Ndani ya chupa, fukusi wote waliondoa pua zao kwenye punje kwa pamoja, wakakunja miguu, wakatulia. Redio, aliyekuwa amebaki kulinda ghala, alieleza baadaye kwamba saa ileile mlio wa kutafuna ulikatika, fukusi wakatoka wakapanga foleni ukutani kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa. Alikimbia mpaka nyumba ya pili na habari njema. Yule msichana aliyesoma akaomba samahani.

“Alhamdu— Mungu ni mwema,” alisema karani, ambaye kazini hakutakiwa kuwa na dini.

Mama Ghala alifunga macho. Alikuwa amepoteza karibu nusu ya mbegu, lakini nusu ya mbegu ni mbegu. Nyumba zote zingepanda, kidogo kidogo. Mwenye bidii angevuna.

Msajili aliahirisha kikao kwa dakika ishirini ili watu wanywe chai. Kwa muda wa chai moja, mbegu za nyumba kumi na mbili zilikuwa salama.

Wakili alikunywa yake amesimama, simu sikioni. Waliporudi alikuwa na karatasi mpya, ingali na joto la mashine. “Mheshimiwa msajili,” alisema, “Kampuni inashukuru kwa uamuzi. Kwa kuwa kekee ni mali yetu, tuna haki ya kumpa leseni yeyote tumtakaye. Tunawapa fukusi.”

“Leseni ya nini?”

“Kutoboa punje yoyote, ghala lolote, bila malipo wala kikomo, wao na vizazi vyao.”

Msajili alishusha miwani ya kichwani, akaisoma karatasi kwa miwani zote mbili, akakuta haina kosa la maandishi. Muhuri ukapigwa. Taa zikakonyeza. Ndani ya chupa miguu ikakunjuliwa, pua zikarudi kwenye matundu yake, na kwa kuwa walikuwa wamepumzika, walifanya kazi vizuri zaidi.

“Nipeni na mimi kama hiyo,” Mama Ghala alisema.

“Kama ipi, mama?” wakili aliuliza.

“Kama ya hawa. Bila malipo, bila kikomo. Niue kwa dawa ya mama mkwe wangu.”

Wakili alicheka kwa heshima. “Mama yangu, biashara si ugomvi. Fukusi wasipokula, kopo letu atanunua nani? Na wewe ukiua, kopo letu atanunua nani? Hao ni wadau. Wamekuwa nasi tangu siku ya kwanza ya utafiti, na wengi walipoteza maisha.”

“Mimi nilikuwepo siku hiyo. Niliwapikia chai.” Mama Ghala alimgeukia binti mpole. “Mwanangu, wewe uliona. Ulikaa kwenye kigoda changu, ukaniuliza maua yanakaushwa juani au kivulini, nikakwambia. Sema basi, wasikie.”

Binti alilifungua daftari lake, akalifunga. Shingo ilikuwa imemwiva.

“Ile chai ilikuwa nzuri sana, mama,” alisema.

Maneno hayo karani aliyaingiza kwenye kumbukumbu.

Wiki mbili na nusu zilizobaki zilipita kama zinavyopita. Hakuna aliyekuja kuchukua gunia lake, maana punje zilizotobolewa hazikuwa na wa kubadilishana nazo, na leseni ilisema ghala lolote. Fukusi walifanya kazi mchana, wakiwa watulivu na wenye haki zao, na sakafu ya ghala ikajaa vumbi laini jeupe ambalo mtoto angedhani ni unga. Shemeji alichambua mpaka kucha zikavimba. Mama Ghala alijaribu jua, moshi na pilipili, kila kimoja kikafaa siku moja kisha kikagundulika kuwa kina mwenyewe.

Mvua ya kwanza ilinyesha Alhamisi. Ijumaa wenye mbegu walikuja. Hawakugombana, na hilo ndilo lilikuwa baya. Kila mmoja alisogea, akaonyeshwa gunia lake, akashukuru kwa utunzaji. Magunia yalikuwa yamesimama vilevile, yamejaa mpaka shingoni, kwa sababu fukusi mwenye leseni hula kiini na kuacha ganda. Watu wazima walibeba kwa mkono mmoja vitu vilivyokuja vimebebwa na wawili.

Redio alikuja wa mwisho. Mama Ghala alikuwa amemwandalia maneno: alivyoenda ofisini mara tatu, alivyoshinda kabisa, ilivyodumu dakika ishirini. Alikuwa amemwandalia pia debe dogo la punje nzima alizochambua moja moja kutoka kwenye gunia lake mwenyewe, la kumi na tatu, na alikuwa amelifunika kwa kitambaa safi.

“Jirani,” alianza, “nilikwambia nina hakika.”

Redio alilinyanyua gunia lake kwa vidole viwili. Lilikuja juu bila kubisha. Alilitikisa kidogo karibu na sikio, likatoa sauti ya majani makavu. Aliliweka begani, akalitazama debe lililofunikwa, akamtazama aliyelifunika. Mdomo ulifunguka, na hakukuwa na msichana aliyesoma wa kuuzuia, maana haya yalikuwa mambo yake na ya jirani yake, uso kwa uso. Akaufunga. Debe akaliacha palepale, akainamisha kichwa kupita chini ya mlango mfupi, akatoka mvuani.